Tushushe picha ya King?

Mu chumba chenye tunafanyiaka mikutano ya shirika letu kuko picha moja ku ukuta wa nyuma, juu ya meza ya mwandishi. Ni Martin Luther King, amekaa mu otobisi. Wakubwa wa promosyo za zamani njo waliiweka pale, na sisi wenye tulifuata hatukuigusa. Mwezi uliopita, nyuma ya kikao chenye tuliongea juu ya wizi wa kazi za masomo, mudogo wetu mumoja akaandika mu grupe:

« Wakubwa, muache kutuchezea. Munatuambia kopie-kole ni wizi, kumbe ule Dokta wenu wa ku ukuta alikopia tezi yake. Mushushe picha, ao muache kutusumbua. »

Grupe ikawaka moto siku mbili. Kuko wenye walicheka. Kuko wenye walikasirika na kusema ni propaganda tu, eti kila mutu mweusi mwenye alifanya kitu wanamutafutiaka uchafu. Yaya mumoja wa promosyo yetu alisema mutoto asiongee hivyo na wakubwa, na maneno ikaishia pale, bila jibu. Miye nilisoma historia, njo kazi yangu, na nikaona haya. Mutoto aliuliza swali la kweli, tukamujibu na umri wetu. Njo maana naandika hapa.

Jibu la kwanza ni fupi: ni kweli. Alikopia.

King aliingia mu iniversite ya Boston mu 1951, na mu 1955 akapata udaktari mu teolojia. Tezi yake ililinganisha namna wanateolojia wawili, Paul Tillich na Henry Nelson Wieman, walifikiri juu ya Mungu. Miaka mitatu mbele yake, mu 1952, mwanafunzi mwingine wa palepale, Jack Boozer, alikuwa ametetea tezi juu ya ule ule Tillich. King alichukua humo masentensi, na mara ingine mafungu mazima, bila alama za kunukuu na bila kumutaja Boozer pale alipashwa kumutaja. Profesa mwenye aliongoza kazi ya King, L. Harold DeWolf, njo yeye tena alikuwa ameisoma ile ya Boozer. Hakuona kitu, ao hakutafuta. Wenye walishapita mu mikono ya maprofesa wenye kuwa na memwari arobaini za kusoma mu mwezi mumoja wanajua vile inaendaka.

Na nani alifunua ile siri? Haikuwa adui. Mu 1985, Coretta Scott King, mujane wake, alimuchagua mwanahistoria Clayborne Carson wa iniversite ya Stanford aongoze kazi ya kukusanya na kuchapisha maandiko ya bwana yake. Watu wa Carson walikuwa wanafanya kazi ya kawaida ya kila mwanahistoria: kutafuta kila sentensi ilitoka wapi. Wakatafuta, wakaona. Wazia ile siku mu biro yao. Umeitwa na familia ili umuheshimishe marehemu, na kitu chenye uko nacho mu mikono ni hiki. Habari ikafika mu magazeti mu Novemba 1990. Iniversite ya Boston ikaweka tume, na mu 1991 tume ikasema wazi kwamba King alikopia. Lakini ikashauri asinyanganywe udaktari, na barua yenye kueleza matokeo yake iwekwe pamoja na kopi ya tezi mu biblioteke. Njo vile iko.

Sasa miye.

Mu memwari yangu ya lisansi, mu sura ya pili, kuko kurasa ine zenye si zangu. Nilizitoa mu kitabu kimoja cha zamani juu ya kazi za kulazimisha wakati wa ukoloni, nikabadilisha maneno hapa na pale, na kile kitabu sikukiweka ata mu orodha ya vitabu. Ilikuwa juma la mwisho, umeme ulikuwa unakuja saa tano ya usiku, na feza ya kupigisha mashini nilikuwa nimekopa. Nilipata distinksyo. Hakuna mutu aliuliza. Naandika ile hapa kwa sababu bila hiyo kila kitu chenye nitasema chini kitakuwa uongo.

Kwa hiyo wakati nasoma juu ya tezi ya King sisomi kama hakimu. Lakini sisomi pia kama rafiki wa kumufichia. Kosa lake haliondoe langu, na langu halimusafishe. Boozer alikuwa amefanya kazi yake, na alikufa mu 1989, mwaka moja mbele ya watu kujua kwamba maneno yake ilikuwa inatembea chini ya jina la mutu mwenye dunia yote inajua.

Kuko kitu kimoja cha kuongeza juu ya ile neno « Dokta ». Mu kusini ya Marekani, wakati ule, muzungu aliweza kumuita mwanaume mweusi wa miaka sitini « kijana », ao jina lake la utoto tu, bila « Bwana ». Watu weusi kusema « Dokta King » mbele ya wazungu haikuwa sifa ya bure. Ilikuwa ngao. Basi ile ngao, sehemu moja ilitengenezwa na chuma cha mwenzake. Miye toka nijue ile, nimezoea kusema Pasta King. Upasta haukuwa wa kukopia: alikuwa na kanisa lake mu Montgomery toka 1954. Ni badiliko ndogo, lakini ni badiliko. Kwa hiyo, mudogo wangu, ku tezi una haki. Ila ile picha haikuwekwa pale juu ya tezi.

Tupite sasa ku siri za namna ingine, zenye sitazisoma na jicho lile lile.

Mu Oktoba 1963, Robert Kennedy, waziri wa sheria, aliruhusu FBI isikilize simu za King. Nyuma yake J. Edgar Hoover, mukubwa wa FBI, alifanya mengi kupita simu: vijana wake waliweka mikrofone mu vyumba vya hoteli mwenye King alikuwa analala. Mu Novemba 1964, wakati King alikuwa anajitayarisha kwenda Oslo kupokea Nobeli ya amani, kifurushi kikatumwa kwake. Ndani mulikuwa kanda ya sauti na barua bila sahihi, yenye kuandikwa kama vile imetoka kwa mutu mweusi mwenye alivunjika moyo. Barua ilimupa siku 34, na kumwambia anajua kitu kimoja tu chenye kimebaki afanye. Yeye na marafiki wake walielewa: ajiue. Mwenye alifungua kifurushi, mu Januari 1965, alikuwa Coretta.

Ile mambo yote tunaijua namna gani? Hapa iko njia yenye inapita karibu na nyumba yetu. Mu 1975 Senati ya Marekani iliunda tume chini ya seneta Frank Church ili ichunguze kazi za siri za serkali yake. Ile tume njo ilieleza, mu Novemba 1975, namna CIA ilituma sumu mpaka Léopoldville mu 1960 ili Patrice Lumumba auawe. Na tume ile ile, mu ripoti zake za 1976, njo ilieleza kwa urefu mambo yenye FBI ilimufanyia King. Sisi wote, wakati wa kuongea juu ya Lumumba, tunasemaka: wafungue maarshive, wafungue yote! Hatuwezi kusema vile juu ya Lumumba na kisha kusema juu ya King: afazali ile sanduku ibaki imefungwa, tusiumie.

Lakini kufungua sanduku na kuamini kila karatasi ya ndani si kitu kimoja. Mu Mei 2019, David Garrow, mwanahistoria mwenye alipata zawadi ya Pulitzer juu ya kitabu chake juu ya King, alichapisha mu gazeti moja la Uingereza habari nzito yenye alitoa mu karatasi za FBI. Kati yao mulikuwa moja juu ya hoteli moja ya Washington, mu Januari 1964: eti pasta mwingine alimubaka mwanamuke, na King alikuwa pale, anaangalia, anacheka. Wanahistoria wengi walimurukia Garrow. Sababu yao ilikuwa hii: ile maneno haikuwa mu kanda yenyewe; iliongezwa kwa mukono ku karatasi ya muhtasari, na mutu wa FBI, wakati kazi ya FBI ilikuwa kumuangusha King. Kanda zenyewe, hakimu mumoja aliamuru mu 1977 zifungwe miaka 50, mpaka tarehe 31 Januari 2027. Mu Julai 2025 serkali ya Marekani ilitoa karatasi zaidi ya kurasa 230.000 juu ya King, lakini zile kanda hazikuwa mule.

Nimesikia watu wa rika yangu wakimaliza hii mambo na neno moja: « Ni maisha yake ya nyumbani, haituhusu. » Hapana. Tutenganishe. Kwamba King alikuwa na wanawake inje, hiyo haikutoka kwa FBI peke yake. Ralph Abernathy, rafiki yake wa karibu kupita wote, aliiandika mu kitabu mu 1989, na wenzake wa mapambano walimukasirikia sana. Ile ni deni la King kwa Coretta, na Coretta hakunituma nimukombolee. Lakini kubaka si maisha ya nyumbani. Kama kanda zitasema ni kweli, kuko mwanamuke mwenye alilia mu kile chumba, na hakuna hotuba yenye inaweza kufunika sauti yake. Kama kanda zitasema ni uongo, basi FBI ilimutumia ata yeye, mwanamuke, kama jiwe la kumupiga nalo mutu. Siwezi kuchagua leo ni gani. Ile ya kusema « adui njo aliandika, kwa hiyo ni uongo » ni uvivu, sawa na ile ya kusema « iko na muhuri wa serkali, kwa hiyo ni kweli ». Sisi wa inchi hii tulipashwa kuwa mabingwa wa kusoma karatasi za polisi na jicho moja wazi na lingine likifikiri.

Sasa nirudi ku picha, kwa sababu kuko kitu chenye mudogo wetu hakukijua wakati aliandika, na miye pia sikukijua mpaka nikaishusha juzi ku ukuta kupanguza vumbi na kutafuta ilitoka wapi. Ilipigwa Montgomery, tarehe 21 Desemba 1956, siku ya kwanza yenye weusi walikaa mu otobisi mahali penye walitaka, nyuma ya kuzikataa kupita mwaka moja. Mwenye aliipiga ni Ernest Withers, mupiga picha mweusi wa Memphis.

Kama umeshaona picha za yale mapambano, umeona za Withers. Mu 1955 alikuwa ku kesi ya wazungu wenye waliua Emmett Till, mutoto wa miaka 14, mu Mississippi. Mu 1968 alipiga ile ya wafanyakazi wa kutosha uchafu wa Memphis, wamesimama musururu, kila mumoja na kibao mukononi: MIMI NI MWANAUME. Aliingia mu vyumba vya mikutano, alikula na viongozi, alizika nao. Alikufa mu 2007, na Memphis ikamulilia.

Kisha, mu Septemba 2010, gazeti la kwao, Commercial Appeal, likatoa habari kwamba Withers alikuwa mupelelezi wa FBI. Mwandishi Marc Perrusquia alikuwa amefuata ile uvumi miaka na miaka. Mwishowe karatasi moja ya FBI ilimusaidia: wenye walikuwa na kazi ya kufuta majina walisahau kufuta namba yake ya siri. Gazeti likaenda mu tribinali kudai faili, na kidogo kidogo mambo ikatoka: toka 1958 mpaka 1972 Withers alipokea karibu dola 20.000. Alitoa picha, alitoa majina, alitoa namba za mimotokari, alieleza nani aliongea nini mu mukutano gani. Kati ya wenye alisema mambo yao mulikuwa James Lawson, pasta mwenye alikuwa mbele mu mugomo wa Memphis.

Wenzake wa zamani hawakuwa na sauti moja. Andrew Young, mwenye alitembea na King mpaka siku ya mwisho, alichukua kwa upole; kwake, mapambano haikuwa na kitu cha kuficha, na King asingekasirika kama Withers alipata ka feza kidogo. Dick Gregory alimuita Yuda.

Miye niko upande wa Gregory kupita wa Young, na nitasema sababu. Young anaongea kama kiongozi. Kiongozi anajulikana, ata polisi ikijua ratiba yake, ni sawa. Lakini mu zile faili kuko watu wadogo: vijana wa kikundi kimoja cha Memphis chenye kuitwa Invaders, wanafunzi, wafanyakazi. Kwa ule mutu mudogo, jina kuandikwa mu faili ni kazi kupotea, ni mulango kugongwa. Hakuna mwenye alimuuliza kama yeye pia hana kitu cha kuficha. Dola 20.000 mu miaka 14, ufanye hesabu: si utajiri. Withers alikuwa na watoto munane, na alishakuwa polisi zamani, kati ya polisi weusi wa kwanza wa Memphis. Labda kuongea na watu wa serkali hakukumuonekania kama usaliti. Naelewa. Bado niko na Gregory.

Na picha zake? Hapo njo ninashindwa kumaliza. Ile ya otobisi ni ya kweli. Ile ya vibao ni ya kweli. Dunia iliona wafanyakazi wa Memphis kwa macho ya mutu mwenye alikuwa anawauza, na kile chenye iliona kilikuwa kweli na kikawasaidia. Siri ya King ku tezi inanifanya nimuite Pasta. Siri ya Withers inanifanya niangalie picha ile ile na kujiuliza nani mwingine alikuwa mu chumba.

Na nani hakuwa mu picha. Kwa sababu mu ile otobisi kuko kiti kimoja chenye kinanisumbua. Tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa mbele ya Rosa Parks, musichana wa shule wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kumupisha muzungu mu otobisi ya Montgomery. Polisi wakamutosha kwa nguvu, wakamufunga. King mwenyewe alikuwa mu ujumbe wenye ulienda kuongea na wakubwa juu ya kesi yake. Lakini viongozi wakaona: ni kijana sana, anatoka kwa watu maskini, haifai kuwa alama ya mapambano. Kisha akapata mimba, na hayuko na bwana. Wakangojea mutu mwenye hakuna mwenye atamusema. Rosa Parks hakukosa ujasiri, na alikuwa amefanya kazi mu ule mwendo miaka mingi, simutoshee kitu. Lakini kesi yenye ilivunja ile sheria ya otobisi mu tribinali kubwa ya Marekani, mu Novemba 1956, haikuwa kesi ya Parks. Ilikuwa ya wanawake wane, na Colvin alikuwa mumoja wao. Alisimama mbele ya mahakimu, akajibu. Wiki tano nyuma yake King akapanda otobisi, Withers akapiga picha, na Colvin hayumo.

Njo chenye nataka kuwaambia wakubwa wa grupe wenye walikasirika. Ninyi munataka shujaa bila doa, na mudogo wetu naye anataka shujaa bila doa. Munagombana, kumbe munaomba kitu kimoja. Mu Montgomery waliomba kile kile, na mwenye alilipa alikuwa mutoto wa miaka 15. Faili yake ya polisi ilifutwa mu 2021, wakati alikuwa na miaka 82. King naye alijua watu wanamutaka asiwe na doa, njo maana ile kanda ya Hoover iliweza kuwa silaha.

Picha nimeirudisha ku ukuta. Ku kikao cha juma inayokuja nitaomba tuweke chini yake karatasi yenye maneno matatu ao mane: tarehe na mahali, jina la Ernest Withers, na kazi zake zote mbili, jina la Claudette Colvin. Juu ya tezi, tuandike pia, sina shida. Kama kuko mwenye anaona karatasi itakuwa ndefu kupita picha, aje na mukasi, tukate pamoja.

Maandiko haya nilimutumia kwanza mudogo mwenye aliuliza, mbele ya kuyaweka hapa. Alisoma usiku, akajibu asubuui:

« Yaya, niko sawa na karatasi ya ku picha. Lakini zile kurasa zako ine? Kule Boston waliweka barua mu tezi. Wewe uliweka? »

Sikuweka. Kile kitabu nimekipata tena kwa rafiki, na namba za kurasa niko nazo. Memwari yangu iko mu biblioteke ya kule nilisomea, rafu ya chini, nilienda kuangalia jana. Barua nimeandika, haijae ata ukurasa moja. Nangojea wanifungulie siku ya kwanza.